Mashine Isiyokuwapo: Ujenzi wa Kiigaji cha CHIP-8 na Tatizo la Nakala Zinazotofautiana

IKISIRI

Makala hii inaeleza namna ya kujenga kiigaji cha CHIP-8, mfumo mdogo wa michezo ya kompyuta uliobuniwa na Joseph Weisbecker kwa ajili ya kompyuta ya RCA COSMAC VIP iliyoingia sokoni mwaka 1977. Inaoneshwa kwamba kuandika kiigaji chenyewe si kazi nzito. Ugumu uko katika kuamua ni CHIP-8 ipi inayoigwa, kwa kuwa baadhi ya amri za mfumo huo zilibadilika maana zilipohamishiwa kwenye vikokotoo vya HP-48 mwaka 1990, na programu za pande zote mbili zimetufikia zikiwa zimechanganyika. Hoja inayotetewa ni kwamba mjenzi wa kiigaji yuko katika nafasi ya mhariri wa miswada: hana budi kutaja nakala anayoifuata na sababu za kuifuata.

1.0 Utangulizi

Kiigaji, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayoifanya kompyuta moja itende kama kompyuta nyingine, ili programu zilizoandikwa kwa ajili ya ile ya pili ziendeshwe bila kubadilishwa hata biti moja. Mtu anaweza pia kusema emuleta. Neno kiigaji limechaguliwa kwa sababu linatokana na kitenzi iga, na kuiga ndiko hasa kunakofanyika: kinachotafutwa si kufanana kwa umbo la nje bali kufanana kwa tabia. Kiigaji kizuri hakina haja ya kujua mchezo unaochezwa ndani yake unahusu nini. Kinachohitajika ni kwamba kila amri ya mashine ya zamani ilete matokeo yaleyale ambayo ingeyaleta kwenye mashine yenyewe.

Mtu anayetaka kujifunza kazi hii kwa kawaida hushauriwa kuanza na CHIP-8, kwa kuwa amri zake ni 35 tu, kumbukumbu yake ni ndogo, na picha zake ni za rangi mbili. Mwandishi wa makala hii aliufuata ushauri huo kwa kutumia lugha ya Python, akidhani kazi ingemchukua siku mbili. Haikuwa dhana mbaya, kwani jioni ya siku ya pili tarakimu za kwanza zilitokea kwenye skrini na mpira mdogo ukaanza kudunda. Wiki zilizofuata zilitumika karibu zote kwa amri chache tu, ambazo kila marekebisho yaliyouponya mchezo mmoja yaliuharibu mwingine. Mwanzoni hitilafu hiyo ilionekana kuwa ya mwandishi. Uchunguzi ulionesha kwamba chanzo chake kilikuwa cha zamani zaidi, na sehemu ya nne ya makala inakieleza kwa kirefu. Sehemu ya pili na ya tatu zinatoa maelezo ya mfumo na ya ujenzi yanayohitajika ili msomaji afike huko.

2.0 CHIP-8 na kompyuta ya COSMAC VIP

COSMAC VIP iliuzwa na kampuni ya RCA ya Marekani kwa dola 275. Ilikuwa bodi moja ya saketi yenye vitufe 16 vilivyopangwa safu nne kwa nne. Iliunganishwa na skrini ya video kwa ajili ya picha na kinasa sauti cha kaseti kwa ajili ya kuhifadhi programu. Prosesa yake, CDP1802, ilikwenda kwa kasi ya takribani megahezi 1.76. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 2,048, ambazo mwenye nayo aliweza kuziongeza hadi 4,096. Ikisiri na utangulizi wa makala hii, zikihifadhiwa herufi moja kwa baiti moja, zisingeenea katika kumbukumbu hiyo ya awali.

Weisbecker, ambaye ndiye aliyebuni pia muundo wa prosesa hiyo, alikusudia wanunuzi wajiandikie michezo yao wenyewe. Kufanya hivyo kwa lugha ya mashine ya 1802 kulichosha, kwa sababu hata kuchora umbo dogo kulidai mfululizo mrefu wa amri. (Nyumba yake iliufahamu ugumu huo: binti yake, Joyce Weisbecker, alikwisha kuandika michezo ya mashine nyingine ya RCA, Studio II, mwaka 1976.) Ufumbuzi alioutoa ulikuwa programu ya baiti 512 iliyopakiwa mwanzoni mwa kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kusoma amri rahisi zaidi, kila moja ya baiti mbili, na kuzitekeleza moja baada ya nyingine kwa niaba ya mtunzi. Lugha ya amri hizo ndiyo CHIP-8, na programu hiyo ya baiti 512 tutaiita mkalimani, kwa kuwa husikiliza lugha moja na kuitamka kwa nyingine papo hapo. Weisbecker aliieleza lugha hiyo kwa hadhira pana katika jarida la BYTE toleo la Desemba 1978.

Ikumbukwe, basi, kwamba hakuna chombo kilichowahi kutoka kiwandani kikiitwa CHIP-8. Mashine inayoigwa ilikuwapo katika maelezo ya mwongozo na katika zile baiti 512 za mkalimani, na mambo hayo mawili, kama tutakavyoona, hayakusema kitu kimoja.

3.0 Ujenzi wa kiigaji

3.1 Kumbukumbu na rejista

Kiigaji huanza kwa safu ya baiti 4,096 zilizojazwa sifuri. Kwenye VIP baiti 512 za mwanzo zilikuwa makazi ya mkalimani, na programu ya mtumiaji ilianzia kwenye anwani ya 512, inayoandikwa 200 kwa namba za heksadesimali, yaani namba za msingi wa kumi na sita ambazo baada ya 9 huendelea kwa herufi A hadi F. Katika kiigaji cha leo mkalimani huyo hayumo, kwa sababu kiigaji chenyewe ndicho kilichoshika nafasi yake. Eneo lake hata hivyo haliachwi tupu. Huwekwa humo maumbo ya tarakimu 16, baiti tano kwa kila umbo. Umbo la sifuri ni F0, 90, 90, 90, F0. Ukiandika nusu ya kwanza ya kila baiti kwa biti utapata 1111, 1001, 1001, 1001, 1111, na ukizipanga mstari juu ya mstari jicho linaiona sifuri yenyewe.

Pamoja na kumbukumbu kuna rejista 16 za baiti moja moja, zinazoitwa V0 hadi VF. Ya mwisho, VF, imetengwa kwa kazi ya kutoa taarifa, nasi tutairudia. Rejista inayoitwa I hushika anwani ya mahali data ilipo. Kielekezi cha programu huonesha amri inayofuata. Rundo la anwani za kurejea, ambalo kwenye VIP lilikuwa na nafasi 12, huhifadhi mahali pa kurudi kila programu ndogo inapoitwa. Vipima muda viwili vinakamilisha orodha.

3.2 Kusoma, kufafanua na kutekeleza

Moyo wa kiigaji ni mzunguko mmoja usiokoma: soma baiti mbili zinazooneshwa na kielekezi, ziunganishe kuwa amri moja, ifafanue, itekeleze, kisha rudia. Tuseme baiti hizo ni 6A na 0F. Ya kwanza huzidishwa kwa 256 na kujumlishwa na ya pili, tunapata amri 6A0F. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema kwamba namba iwekwe kwenye rejista. A inataja rejista, na 0F inataja namba, yaani 15. Baada ya amri hiyo VA ina 15. Familia zote 16 za amri hutambuliwa hivyo kwa tarakimu ya kwanza, na sehemu kubwa ya kiigaji ni mlolongo wa masharti unaoigawa kila familia kwenye kazi yake.

Kielekezi kinapaswa kusogezwa mbele kwa baiti mbili mara tu amri inaposomwa, kabla ya kutekelezwa. Anayekisogeza mwishoni hujikuta, kila baada ya amri ya kuhama, ameiruka amri iliyokuwa ikisubiri mahali alipohamia.

Hesabu hazina utata mwingi. Amri 8XY4 hujumlisha VX na VY, na jumla ikizidi 255 hubakizwa kinachoenea katika baiti moja, huku VF ikiwekwa 1, kama mwanafunzi anavyoandika tarakimu ya mwisho na kuweka moja mkononi. Amri 7XNN nayo hujumlisha, lakini haigusi VF kabisa. Swali linalofaa kuulizwa mapema ni hili: itakuwaje X yenyewe ikiwa F? Jumla na taarifa ya kubeba zitagombea chumba kimoja. Jibu ni kwamba taarifa huandikwa mwisho, na jumla hufutika. Mwandishi alikuwa ameandika kinyume, na kosa hilo lilijificha kwa muda mrefu kwa sababu ni watunzi wachache wanaothubutu kuhifadhi jumla ndani ya VF.

3.3 Skrini

Skrini ina pikseli 64 kwa upana na 32 kwa kimo, jumla 2,048, ambazo kwenye VIP zilikaa katika baiti 256. Kuna amri moja tu ya kuchora, DXYN, nayo ndiyo amri yenye akili nyingi kuliko zote. Huchukua umbo lenye upana wa pikseli nane na kimo cha N, lililohifadhiwa kuanzia anwani iliyomo katika I, na kulichora kuanzia nafasi ya VX na VY. Uchoraji wenyewe ni wa kugeuza: penye biti ya 1, pikseli iliyozimika huwashwa na iliyowaka huzimwa.

Kutokana na kanuni hiyo moja yanapatikana mambo mawili. La kwanza ni kwamba umbo likichorwa mara ya pili mahali palepale hufutika, kwa hiyo mtunzi hahitaji amri ya kufuta: hulichora tena, hubadilisha nafasi, kisha hulichora upya. Ndiyo maana michezo ya CHIP-8 humetameta machoni, na mjenzi asidhani kwamba kiigaji chake kina kasoro. La pili ni kwamba pikseli yoyote iliyokuwa inawaka ikizimwa, VF huwekwa 1. Hivyo mpira unapokigonga kibao, mchezo hujua bila kukokotoa umbali wowote. Katika kompyuta ya baiti 2,048 huo ni ubanifu wa hali ya juu, na kwa maoni ya mwandishi ndicho kipande bora kuliko vyote katika kazi ya Weisbecker.

Kuhusu kingo za skrini, mkalimani wa VIP huizungusha nafasi ya kuanzia, ili 70 iwe 6, lakini sehemu ya umbo inayovuka ukingo huikata. Kuna viigaji vinavyoizungusha sehemu hiyo pia na kuichora upande wa pili. Hiyo ni dalili ya kwanza ya tatizo tunalolielekea.

3.4 Muda

Vipima muda vyote viwili hupungua kwa moja mara 60 kwa sekunde hadi vifike sifuri. Kimoja hutumika kusubiri, na kingine hutoa mlio maadamu hakijafika sifuri. Kasi ya amri zenyewe haikuwekwa na lugha. Kwenye VIP kila amri ilichukua muda wake, na amri ya kuchora ilisubiri skrini ianze kuchorwa upya ndipo ifanye kazi. Mwandishi alichagua amri 600 kwa sekunde, yaani 10 kwa kila mpigo wa kipima muda. Jambo la kuzingatia ni kwamba vipima muda vifungwe na saa halisi, wala visifungwe na idadi ya amri. La sivyo, mchezaji anayeongeza kasi ya kiigaji atakuwa amefupisha pia kila subira ndani ya mchezo.

Vitufe 16 huwekwa kwenye upande wa kushoto wa kibodi ya kawaida, safu nne kwa nne, nalo ni suala la mazoea tu. Tahadhari moja inatosha: amri FX0A, inayosubiri kitufe, kwenye VIP ilikamilika kitufe kilipoachiwa, si kilipobonyezwa.

4.0 Amri zilizobadilika maana

Chukua amri 8126, huku V1 ikiwa na 6 na V2 ikiwa na 200. Amri hii husogeza biti kulia kwa nafasi moja, sawa na kugawanya kwa mbili. Baada yake, V1 ina ngapi? Kwenye COSMAC VIP ina 100, kwa kuwa kinachogawanywa ni V2 na jibu linawekwa ndani ya V1. Kwenye kikokotoo cha HP-48 ina 3, kwa kuwa V1 inagawanywa palepale ilipo na V2 haitazamwi. Majibu yote mawili yametoka kwenye mifumo iliyotumiwa na watu, na kila moja lina programu zinazolitegemea.

Ili kuelewa tofauti hiyo ilivyozaliwa inabidi turudi kwa mkalimani wa baiti 512. Weisbecker hakuwa na nafasi ya kuandika kipande tofauti kwa kila amri ya familia ya 8. Alitumia njia ya mkato. Amri za hesabu za prosesa ya 1802 huanza kwa F: F1 ni "au", F2 ni "na", F4 hujumlisha, F5 hutoa. Mkalimani huchukua tarakimu ya mwisho ya amri ya CHIP-8, huitanguliza F, huiandika kwenye kumbukumbu pamoja na D3, ambayo ni amri ya kurejea, kisha huitekeleza. Kwa hiyo 8XY4 inazaa F4, na 8XY5 inazaa F5. Mwongozo wa VIP uliwatajia wasomaji amri hizo za "au", "na", kujumlisha na kutoa, na kuishia hapo.

Lakini njia ya mkato haikuishia hapo. Prosesa ina pia F3, F6, F7 na FE, na mkalimani hakuwa na kizuizi cha kuzikataa. Mtu aliyeandika 8XY6 alipata F6, ambayo ni kusogeza biti kulia, ingawa hakuna aliyemwahidi amri hiyo. Amri nne za CHIP-8 tunazozihesabu leo kuwa za kawaida zilikuwapo, kwa hiyo, bila kutangazwa. Na hapa ndipo maana ya kwanza ilipotokea: F6 haishughuliki na namba mbili, bali husogeza ile iliyomo katika kikusanyi cha prosesa, na mkalimani alikwisha kupakia VY humo kwa ajili ya amri nyingine za familia hiyo. Jibu, kama ilivyo kwa familia yote, hupelekwa VX. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba kusogeza kuanzie VY. Ni tabia iliyotokana na muundo, lakini ndiyo iliyokuwa tabia ya mashine.

Mwaka 1990 Andreas Gustafsson aliandika mkalimani mpya, CHIP-48, kwa ajili ya vikokotoo vya HP-48, na mwaka 1991 Erik Bryntse aliupanua mfumo huo kuwa SUPER-CHIP wenye skrini ya pikseli 128 kwa 64. Katika wakalimani hao 8XY6 na 8XYE husogeza VX palepale. Amri ya kuhama BNNN nayo ilibadilika. Kwenye VIP huongeza V0 kwenye anwani NNN, ilhali kwenye HP-48 tarakimu ya kwanza ya anwani ndiyo inayotaja rejista ya kuongezwa. Michezo mingi mizuri ilitungwa kwa ajili ya vikokotoo hivyo, ikapita mikononi mwa wanafunzi na kuingia kwenye intaneti. Miongozo iliyosambaa huko katika miaka ya 1990 ilieleza tabia ya kikokotoo kana kwamba ndiyo CHIP-8 yenyewe. Viigaji vya baadaye viliandikwa kwa kufuata miongozo hiyo, na waandishi wake wengi hawakuwahi kuona VIP hata kwa picha.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa amri FX65, inayosoma namba kutoka kwenye kumbukumbu kuanzia anwani ya I na kuzijaza kwenye rejista V0 hadi VX. Swali ni kwamba baada ya kazi hiyo I inabaki wapi. Kwenye VIP imesogea mbele kwa X na moja zaidi, yaani inaelekeza kwenye namba ya kwanza ambayo haijasomwa. Kwenye CHIP-48 imesogea kwa X tu, pungufu ya moja. Kwenye SUPER-CHIP haijasogea kabisa.

Ili kuipima tofauti hiyo mwandishi alitunga programu fupi. Kwenye kumbukumbu ziliwekwa namba 1 hadi 12 kwa mfuatano, na I ikaelekezwa kwenye ya kwanza. Amri F365, inayosoma namba nne, ilitolewa mara tatu, na kila mara namba nne zilizosomwa zilijumlishwa kwenye V9. Kwa desturi ya VIP namba zote 12 husomwa na jumla ni 78. Kwa desturi ya CHIP-48 zinasomwa 1 hadi 4, kisha 4 hadi 7, kisha 7 hadi 10, na jumla ni 66. Kwa desturi ya SUPER-CHIP namba nne za mwanzo zinasomwa mara tatu, na jumla ni 30. Programu ni ileile, biti kwa biti, na wakalimani watatu wanaisoma kwa majibu matatu. Hakuna hata mmoja anayesimama kutoa taarifa ya kosa, na hilo ndilo linaloifanya hitilafu ya aina hii iwe ngumu kugundulika: mchezo unaendelea, ila alama zinahesabika vibaya au ukuta unajichora upya kwa safu zilezile.

5.0 Kuchagua nakala

Hali hii si ngeni kwa watafiti wa fasihi. Mhariri wa utenzi uliotufikia katika miswada kadhaa ya hati za Kiarabu hukuta neno lililosomwa hivi hapa na vile kwingine, na ubeti ulio katika nakala moja na usio katika nyingine. Anaweza kufuata mswada mmoja na kutaja tofauti za mingine pembeni. Asichoweza kufanya, akitaka kuaminiwa, ni kuchanganya kimyakimya, akichukua ubeti huu kwa huyu na neno hili kwa yule, kisha kuuita mchanganyiko huo utenzi wenyewe.

Viigaji vingi vya CHIP-8 vinafanya mchanganyiko huo. Mjenzi huendesha mchezo, huona kasoro, hubadilisha amri moja hadi mchezo utulie, kisha hupita kwenye mchezo mwingine. Mwandishi naye alifanya hivyo kwa wiki mbili. Kinachopatikana mwishoni ni kiigaji kinachochukua kusogeza biti kutoka kwenye kikokotoo, FX65 kutoka VIP na kingo za skrini kutoka kusikojulikana: mashine ambayo haikuwahi kuwapo mahali popote, hata katika maelezo. Kwa mchezaji huenda hilo lisimsumbue. Kwa mtafiti anayetaka kujua programu ya mwaka 1978 ilitenda nini mbele ya mtumiaji wake, ni ushahidi ulioharibiwa.

Ulinganisho na miswada una mpaka wake, hata hivyo. Mnakili akikosea neno, mhariri huweza kurejesha neno la mtunzi na mambo yakaisha. CHIP-48 haiwezi kurekebishwa kwa namna hiyo. Michezo iliyotungwa juu yake ilitungwa na watu walioijaribu kwenye HP-48 na kuiona inakwenda, na maana ya 8XY6 waliyoifahamu ni ya kikokotoo. Kuwarudisha kwenye VIP kwa jina la uasilia ni kuvunja kazi zao. Kwa sababu hiyo mwandishi hakubaliani na wale wanaoona kwamba tabia ya 1977 ndiyo pekee iliyo sahihi na nyingine zote ni makosa. Usahihi hapa hauna budi kutajwa kwa programu husika: ni mkalimani gani mtunzi wake alikuwa naye mezani?

Njia moja ya kukwepa swali hilo ni kuacha kuiga CHIP-8 na kuiga COSMAC VIP nzima: prosesa ya 1802, saketi ya picha na vitufe, kisha kumpakia mkalimani wa baiti 512 juu yake. Hapo hakuna haja ya kuamua 8XY6 inafanya nini, maana mkalimani mwenyewe ataamua. Njia hii ina faida nyingine. Amri 0NNN ya CHIP-8 humwezesha mtunzi kuita kipande kilichoandikwa kwa lugha ya mashine ya 1802, na baadhi ya programu za VIP zinaitumia. Kiigaji cha kawaida hakiwezi kuitekeleza hata kikiwa sahihi katika mambo mengine yote, kwa kuwa ndani yake hamna prosesa ya kuitekelezea. Mwandishi alijenga sehemu ya prosesa hiyo, inayotosha kupima amri za familia ya 8, na 8126 ikatoa 100 bila kuambiwa. Gharama yake ni kwamba michezo ya HP-48 inabaki nje ya mlango.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kiasi. Kiigaji kilichojengwa kina desturi tatu zilizotajwa majina, VIP, CHIP-48 na SUPER-CHIP, na kila moja imefungwa kwa ukamilifu wake, bila nafasi ya kuchukua amri moja kutoka nyingine. Kila programu iliyohifadhiwa ina faili fupi la maelezo linalotaja desturi inayoifaa na sababu ya kuamini hivyo: mwaka iliotungwa ukijulikana, au skrini inayoitaka, au amri inayoisaliti. Amri nyingi zinasaidia katika hili. Programu inayotumia 0NNN si ya kikokotoo. Inayodai pikseli 128 si ya VIP. Inayoandika rejista moja mara mbili, kama 8116, haitoi ushahidi wowote, kwa sababu desturi zote zinaisoma sawa, na huenda mtunzi wake aliujua mgogoro huu akaamua kuupisha.

Zipo programu ambazo hazikuacha dalili. Kwa hizo kiigaji hakikisii. Husimama kabla ya amri ya kwanza na kumtaka mtumiaji achague mojawapo ya desturi tatu, kisha huandika chaguo hilo juu ya dirisha la mchezo, mahali linapoonekana muda wote unaocheza. Programu ya namba 12 imewekwa ya kwanza katika orodha ya majaribio, na yeyote aliye na kiigaji kingine anaweza kuipakia humo na kutazama ni namba ipi kati ya 78, 66 na 30 itakayotokea.